Tuliowaandika Hawapo

Jumapili, tarehe tisa ya mwezi wa pili, kengele ya misa ya kwanza ikiwa haijalia, nilimpoteza binti yangu Sifa. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Siku nne kabla alikuwa amejifungua mtoto wa kike, mzima, na nyumba yote ilikuwa na furaha. Kisha pumzi ikaanza kumkataa. Hakuweza kulala. Alikaa kitandani ameegemea ukuta kama mtu anayesubiri safari, akikohoa mapovu yenye wekundu kidogo. Daktari aliyemwona alituambia kwamba mlango mmoja wa ndani ya moyo wake ulikuwa umekakamaa, na kwamba haukukakamaa jana wala juzi. "Ugonjwa huu alitoka nao utotoni," alisema. Alisema kwa upole, kwa sababu hakujua anazungumza na nani. Mimi nilifanya kazi miaka kumi na moja katika mradi wa kutafiti magonjwa ya moyo yanayoanzia utotoni.

Ninawaandikia ninyi vijana mlioajiriwa na utafiti mpya utakaopita katika shule zetu za Kalemie. Wawili wenu mlikuja nyumbani wakati wa matanga, mkakaa kwa adabu kwenye viti vya plastiki, na mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini namna ya kumtuliza mtoto anayeogopa mashine ya presha. Nilimjibu, "Mwacheni alie." Halikuwa jibu zuri. Leo nina jibu refu zaidi. Mlitaka ujuzi wa kazi, nitawapa. Nitawapa na hasira yangu pia, maana nimejaribu kuvitenganisha nikashindwa.

Sina shule kubwa. Baba yangu alikuwa anaunganisha mabehewa pale stesheni, na mimi niliishia mwaka wa nne wa sekondari. Mradi ulipokuja ulitafuta watu wanaojua kuandika vizuri, wanaozungumza Kiswahili cha hapa na Kitabwa kidogo, na wasioogopa kutembea. Nilikuwa na vyote vitatu. Siku ya kwanza walitueleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia: kwamba moyo unaomwangusha mtu mzima, mara nyingi ulianza kuharibika alipokuwa bado anacheza mpira wa matambara. Presha ya mama akiwa na mimba ina sehemu yake. Uzito wa kuzaliwa una sehemu yake, na chumvi tunayowazoesha watoto kwenye samaki mkavu. Lakini kwetu huku, zaidi ya yote, kuna koo. Mtoto anaumwa koo, anaachwa bila dawa, koo linapoa. Baada ya wiki mbili au tatu ugonjwa unarudi kwa njia ya magoti. Goti moja linavimba, linauma, linapona, linauma la pili. Kisha yote yanaisha na watu wanasahau. Ila kilichopita magotini kimepita na moyoni, na huko hakiponi kama goti. Sindano ya penisilini inakizuia. Ni hayo tu. Mtu wa mwaka wa nne aliyaelewa kwa asubuhi moja.

Basi tuanze na presha, ndiyo mliyoniuliza. Mtoto akifika anahema kwa sababu ametoka kukimbizana, usimpime. Mkalishe, miguu iguse chini. Kama benchi ni refu, mwekee tofali. Mkono uwe mezani, usawa wa moyo. Usimwambie kwamba haitauma, kwa sababu alikuwa hajafikiria maumivu mpaka wewe ulipoyataja. Mimi nilikuwa nalivuta shati langu, najifunga mkanda mwenyewe, nampa kile kipira abonyeze anipime. Mtoto aliyekwisha kumpima mtu mzima anakuwa askari wa foleni nzima. Mara nyingine ilibidi nimzuie asiwapige wenzake makofi ili watulie.

Kuhusu uzito, kagueni mifuko. Katika shule moja upande wa mto Lukuga uvumi ulitutangulia kwamba watoto wazito wangepewa biskuti. Nikaona darasa zima la tatu limenenepa kwa wiki moja. Nilikuwa tayari kuandika maajabu hayo, mpaka mmoja alipopanda kwenye mizani na suruali ikamshuka hadi miguuni kwa uzito wa mawe. Mwenzake nyuma yake alikuwa amebeba betri zote za redio ya baba yake. Biskuti hazikuwepo. Hazikuwahi kuwepo.

Na akina mama wa Kalemie mnawajua. Mmoja alinisimamisha sokoni, akaniuliza mbele ya watu: "Papa mupimaji, mwaka ule mulipima mikono. Mwaka huu munapima moyo. Mwaka kesho mutapima nini, kivuli?" Nilicheka pamoja na soko lote. Siku hizi naona kwamba aliuliza vizuri kuliko wakubwa wetu wote.

Aliyenifundisha kazi alikuwa muuguzi wa mradi, Mama Veronika, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kwaya. Mikanda ya presha ya watoto ilichelewa kufika, na kwa miezi mitano tulitumia ya watu wazima. Asubuhi moja alitoa mkanda mdogo kwenye mfuko wake mwenyewe, akampima mtoto niliyekuwa nimempima sasa hivi. Namba yake ilikuwa juu, yangu ilikuwa chini. Akapima wa pili, wa tatu. Vilevile. Mkanda mpana kwenye mkono mwembamba unadanganya, unasoma chini ya ukweli. Watoto wote tuliowapima miezi ile walikuwa wameonekana wazima kwa sababu ya kitambaa.

Tulikwenda pamoja kwenye biro, ofisini kwa mkuu wa mradi. Alitusikiliza mpaka mwisho, hakukasirika.

"Tuendelee hivyo hivyo," alisema, "ili namba zifanane."

Namba zilifanana. Zilikuwa za uongo tangu ya kwanza hadi ya mwisho, lakini zilifanana. Tulipotoka, Mama Veronika aliniambia, "Papa Sifa, umesikia hiyo?" Nikamwambia labda wakubwa wanajua sababu. Nilikuwa mtu wa namna hiyo. Mkitaka kujua uovu mwingi unapitia wapi, hauhitaji watu waovu. Unahitaji mtu mpole anayesema labda wakubwa wanajua sababu.

Mama Veronika alinifundisha kusikiliza moyo, ingawa haikuwa kazi yangu. Kazi yangu ilikuwa kupima na kuandika. Alisema mwenye kuandika asiyejua anachoandika ni sawa na kasuku. Alinilazimisha kusikiliza mioyo mizima mingi kabla ya kunipa mmoja mgonjwa. Moyo mzima unasema tu-ta, tu-ta, na katikati kuna kimya safi. Mgonjwa ana kitu kwenye kile kimya. Kuna sauti ya kupuliza, hiyo ni rahisi, hata kiziwi wa sikio moja ataisikia. Kuna nyingine ya chini sana, ya kunguruma, ambayo usipoitafuta huipati. Ni ya mlango uliokakamaa. Mgonjwa akilala chali inajificha. Umgeuze kwa upande wa kushoto, utumie ule upande mdogo wa stetoskopu ulio kama kikombe, uuweke chini ya ziwa bila kukandamiza, umwambie atoe pumzi aishike. Nilipoisikia mara ya kwanza nilimwambia kwamba ni kama behewa linalopita mbali, wakati wewe uko ndani ya nyumba. Alifurahi. Alisema mtoto wa mtu wa reli hafichiki.

Yeye pia ndiye aliyenifungua macho kuhusu kilimi. Mnajua desturi yetu: mtoto akiumwa koo na kukohoa, bibi anasema kilimi kimerefuka, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi, basi anapelekwa kwa fundi anayekikata. Mtoto analia, anatema damu, anapewa uji wa baridi. Baada ya siku chache koo linapoa, kama ambavyo lingepoa lenyewe, na fundi anapata sifa. Hakuna anayetafuta penisilini, kwa sababu dawa imekwisha kupatikana. Mama Veronika hakuwatukana mafundi. Alikwenda kukaa nao, akawaomba kitu kimoja tu: mtoto akija na homa na koo jekundu, wamtume kwake kabla ya kisu. Wawili walikubali. Mradi haukumpa hata nauli.

Sasa nafika kwenye shule, na hapa naomba msome polepole.

Sisi watu wa huku, mgeni akija, tunampa kilicho bora. Kuku aliyenona, mkeka mpya, kikombe ambacho watoto hawaruhusiwi kugusa. Ni tabia nzuri na sitaki mwiache. Lakini sisi wapimaji tulikuwa wageni. Tulipotuma barua kwamba tunakuja siku fulani, shule ilijiandaa kama kwa ujio wa askofu. Uwanja ulifagiwa. Mashati yalipigwa pasi. Na watoto walichaguliwa. Mwenye kamasi, mwenye kuchechemea, mwenye kulala darasani, aliambiwa abaki kwao siku ile. Niligundua hilo mwaka wa pili, kwa sababu kila darasa lilikuwa na mapengo, na mapengo yalikuwa ya siku yetu tu. Nilimuuliza mkuu wa shule moja.

"Papa Sifa," alisema, akinishika bega, "mutoto mwenye kuumwa si tulimurudisha kwao? Wageni wafike, waone yeye anakohoa tu? Tumekuchagulia wazuri."

"Lakini tunatafuta wagonjwa."

"Sasa mungesema mapema," alijibu. Alikuwa amekasirika kweli, kama mtu aliyeambiwa kuku wake hakuiva.

Nilimpelekea mkuu wa mradi habari hiyo. Alinionyesha fomu. Mbele ya kila jina kulikuwa na safu: amepimwa, au A ya Kifaransa, maana yake hayupo. "Asiyekuwepo hayupo," alisema. "Fomu haina nafasi nyingine." Nikarudi kwenye kazi, nikaandika A. Niliandika A nyingi kwa mwandiko mzuri. Mama Veronika alianza kuzifuata nyumbani baada ya saa za kazi, kwa miguu yake. Nilikwenda naye mara mbili. Mara ya tatu nilisema nina shughuli.

Wakati huo Sifa alikuwa na miaka tisa. Mama yangu alikuwa amempeleka kukatwa kilimi msimu wa mvua, nami nilijua, wala sikusema neno, kwa sababu mtu hagombani na mama yake kwa jambo kama hilo. Baadaye magoti yakamuuma. Lilianza la kulia, likafuata la kushoto. Usiku ule ule nilijua. Nasema nilijua, sisemi nilihisi. Nilikuwa nimeandika maneno hayo kwa mkono wangu kwenye karatasi za watoto wa watu wengine.

Nilimgusia Mama Veronika, kwa mzunguko, kama naulizia mtoto wa jirani. Hakudanganyika.

"Mulete nimusikilize," alisema.

"Kanuni ya mradi inakataza watoto wa wafanyakazi."

"Kanuni inakataza kumuandika. Haikatazi kumusikiliza."

Sikumleta. Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya shule yao. Asubuhi, Sifa alivaa sare yake akafika mlangoni akivuta mguu. Nikaona namna wageni kutoka mji mkuu, waliokuja wiki ile kukagua kazi yetu, watakavyomwangalia mtoto wa mpimaji anayechechemea. Nikamwambia, "Leo baki nyumbani, mama yako atakupikia uji." Alifurahi. Alifikiri ni zawadi.

Saa nne nilikuwa kwenye darasa lake. Mwalimu akasoma majina. Aliposema jina la binti yangu, watoto walisema hayupo, na mimi nikaandika A. Benchi lake lilikuwa tupu upande wa pili pia, upande wa rafiki yake Mauwa, ambaye naye magoti yalimuuma. A. Nilitia nukta.

Mara nyingi mtu akisimulia kosa lake anaongeza kwamba alikuwa kijana, au alikuwa na njaa, au alilazimishwa. Mimi niliona aibu na niliogopa kile ambacho Mama Veronika angesikia. Sina kingine cha kuongeza.

Matokeo yalisomwa kwenye ukumbi, mbele ya maofisa na soda za baridi. Mkuu wa mradi alisema kwamba mioyo ya wanafunzi wa Kalemie kwa jumla ni mizima, kwamba tatizo la koo na moyo hapa kwetu ni dogo, na kwamba hakuna haja ya mpango maalumu wa penisilini mashuleni. Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga. Mama Veronika alikuwa anafunga mfuko wake. Alikwenda Moba mwaka ule ule kumtunza dada yake, na huko alizikwa. Fomu zetu zilipakiwa katika magunia, zikaondoka na ndege, na wala sijui zilikotua.

Fikirini vizuri kilichofanyika hapo. Tulikwenda kutafuta watoto wagonjwa, tukapima wazima, tukatangaza kwamba hakuna wagonjwa, na kwa tangazo letu tukawanyima dawa. Kama tungebaki nyumbani tukalala, mtu mwingine angeweza kusema labda tatizo lipo. Sisi tulifanya kazi miaka kumi na moja ili ionekane halipo. Halafu mtu ananipa hongera kwamba nimestaafu salama.

Magoti ya Sifa yalipona. Alikua, akawa msichana wa mzaha. Nyumba yetu iko mlimani, na kutoka bombani hadi kwetu ni mwinuko mkali. Kuanzia miaka ishirini hivi alianza kupumzika njiani na ndoo yake, mara moja, kisha mara mbili, mwishoni mara tatu. Kaka zake walimpa jina la treni ya Niemba, kwa sababu inasimama kila stesheni.

"Treni imeingia," walikuwa wanasema kutoka barazani. "Abiria washuke."

"Ngojeni injini ipoe," yeye anajibu kutoka chini, ameketi kwenye jiwe, anacheka na mkono kifuani.

Nilicheka nao. Alipobeba mimba tulisema ni mimba. Alipovimba miguu tulisema ni mimba. Hata mimi, niliyefundishwa kwamba mlango uliokakamaa unavumilia miaka mingi kisha unashindwa na mzigo wa uzazi, nilisema ni mimba.

Matanga yalipoondolewa nilimwambia mke wangu yote. Niliitoa sandukuni kopi yangu ya orodha za madarasa, ile niliyokuwa naandika ya kwangu binafsi kabla ya kunakili safi kwenye fomu, nikamwonyesha ile A. Aliikunja ile karatasi akanirudishia. Yeye ndiye aliyepika uji siku ile.

"Mimi unaniambia nifanye nayo nini?" aliuliza. "Mimi nimekwisha kuzika. Ambia hao wengine."

Kwa hiyo nilianza na aliyeketi benchi moja na Sifa. Mauwa anakaa chini karibu na ziwa, anauza ndakala, wale dagaa wakavu. Nilimkuta mama yake anachambua samaki kwenye mkeka. Alinitambua kabla sijasalimu.

"Papa mupimaji. Kalamu yako ingali inaandika?"

"Ingali, mama."

"Pole kwa Sifa. Tulikuja kilioni, hukutuona." Akatupa samaki aliyeoza pembeni. "Mauwa iko ndani. Siku hizi analala ameketi. Anasema akilala anazama."

Mauwa alitoka, na tumbo la miezi sita. Alitembea hatua chache kutoka mlangoni hadi kwenye mkeka, akakaa, akapumua kabla ya kunisalimu. Sikuzunguka. Nilimweleza kuhusu koo, magoti, moyo. Nilimweleza kwamba siku ya kupima yeye hakuwepo, Sifa hakuwepo, na kwamba nilijua kwa nini, wala sikurudi.

"Mimi nilijua ni mimba tu inanichosha," alisema.

"Sifa pia alijua hivyo."

Mama yake alikuwa ameacha kuchambua. "Ile siku nilikuwa hapa nyumbani na huyu mutoto," alisema. "Nilisikia mumeleta mashine shuleni. Nilisema, labda watapita. Mulipima wazima mukaenda. Muntu anapima wazima ya nini, Papa Sifa?"

Vijana, niliulizwa swali hilo na mwanamke ambaye hakumaliza shule ya msingi. Fomu yenu mpya mlinionyesha. Ina karatasi nzuri, na ina safu ile ile. Mtakapoandika A, msitie nukta. Ulizeni nyumba iko wapi, na siku hiyo hiyo mwende. Mkiambiwa kanuni hairuhusu, mtajua kwamba mmeingia katika kazi yangu ya zamani, na mtachagua wenyewe.

Kesho yake nilikwenda na Mauwa kituo cha afya kwa pikipiki, dereva akiendesha polepole kama anabeba mayai. Muuguzi alikuwa msichana wa umri wenu, mwenye foleni ndefu mlangoni. Alimlaza Mauwa chali, akaweka stetoskopu juu ya blauzi, akahesabu, akaitoa.

"Moyo iko muzuri. Ni mimba. Apumuzike."

"Binti yangu," nikasema, "mulaze kwa upande wa kushoto."

"Papa ni muganga?"

"Hapana. Mimi nilikuwa naandika."

Watu wa foleni walicheka. Aliniangalia namna tunavyowaangalia wazee wenye maneno mengi. Labda aliona suti yangu ya matanga, sijui. Alimgeuza Mauwa ili niondoke mapema.

"Sasa kile kikombe kidogo. Ndani ya nguo, chini ya ziwa. Usikandamize. Mauwa, toa pumzi, ishike."

Muuguzi alisikiliza. Nilimwona akitaka kuitoa, kisha hakuitoa. Aliinua kidole kimoja kuwanyamazisha watu wa mlangoni, na walipoendelea aliusukuma mlango kwa mguu. Akamwambia Mauwa apumue, atoe, ashike tena. Safari hii alifumba macho.

"Kuna kitu," alisema mwishoni. "Chini, chini sana. Kama mawe yanabingirika ndani ya maji."

"Mimi nilikuwa naita behewa."

Alitoa zile sehemu za masikioni akataka kunipa, nami nikakataa. Nilisema masikio yangu yamezeeka. Haikuwa hiyo sababu. Akaenda mwenyewe kumwita daktari, akaiacha foleni yake pale.

Daktari alisema maneno yale yale niliyoyasikia mwezi wa pili, tofauti ni kwamba aliyasema mapema. Mlango umekakamaa. Alimwandikia dawa ya kupunguza maji mwilini na nyingine ya kuutuliza moyo, na sindano ya penisilini kila mwezi, kwa miaka. Asiinue mizigo. Asijifungulie nyumbani kwa hali yoyote. Aingie hospitali kabla ya uchungu, azae ameinuliwa mgongo, na daktari awe anajua. Mauwa aliuliza kama atapona. Daktari alimwambia kwamba mlango wenyewe hautarudi kuwa laini, kwamba huko mbali kuna daktari fundi wa kuufungua lakini hayupo hapa Kalemie, na kwamba kwa sasa kazi ni kumfikisha yeye na mtoto upande wa pili wa uzazi, wote wazima. Nilimheshimu kwa kutomdanganya.

Kwenye orodha yangu kuna majina mengine. Baadhi wamehama, wamefuata migodi au wameolewa ng'ambo ya ziwa. Wawili niliambiwa walikwisha kufariki, na nilipouliza walikufa na nini, watu walisema walichoka tu. Wengine nitawapata. Natembea asubuhi, jua likipanda narudi.

Mauwa hajajifungua bado. Juzi alikuja kumwona mjukuu wetu. Nilikuwa nimekaa barazani na yule mtoto kifuani, nikamwona Mauwa akiwa bado kule chini, anakatiza barabara, anaanza mwinuko. Hakuwa amebeba kitu. Nikaanza kuhesabu bila kutaka. Alisimama mara moja, kwenye bomba, akashika kiuno, akaangalia ziwa. Mke wangu alitoka ndani akasimama nyuma ya kiti changu. Tukangoja asimame tena kwenye lile jiwe la Sifa. Alilipita. Alipita na kichochoro cha jirani, akafika mlangoni, akavua ndala zake, akasema, "Papa Sifa, hodi."